Karatasi Nyuma ya Cheti

Jumanne, 1 Julai

Saa kumi na mbili asubuhi. Miguu imevimba hadi magotini. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Vidonge vinne: viwili vya kukojoa, kimoja cha moyo, kimoja sijui, Veronika anajua. Uji nusu kikombe.

Nimelala nimekaa tena, mito mitatu mgongoni. Nikijinyoosha pumzi inakatika kama mtu aliyetumbukia kisimani. Mwezi wa tatu huu sijalala wanavyolala watu.

Juzi daktari alimwita Veronika nje wakazungumza karibu na dirisha langu. Alidhani masikio nayo yamekufa. Wiki kadhaa, alisema. Labda mwezi. Binti yangu akarudi ndani akanitandikia shuka upya, shuka lililokuwa limetandikwa tayari.

Basi niandike. Nimeweka shajara tangu nikiwa shule, na katika madaftari yote hayo jambo moja halimo. Ukutani sebuleni kuna cheti changu cha kustaafu, ndani ya fremu ya kioo. Kinasema nilitunza kumbukumbu za safari za ndege kwa uaminifu mkubwa. Kati ya cheti hicho na kadibodi ya nyuma kuna karatasi iliyokunjwa mara moja. Ni karatasi ya zamu ya rubani Shomari. Aliijaza kwa mkono wake asubuhi ya siku aliyokufa. Nimeificha miaka thelathini na mmoja. Waliokuja kuchunguza ajali walipewa nyingine, na hiyo nyingine niliiandika mimi.

Nimeandika, na mkono haukukauka.

Jumatano, 2 Julai

Upepo wa baridi. Vumbi la Kwihara linaingia mpaka kwenye dawa.

Zuhura alikuja saa nne kwa bajaji kutoka mjini. Mjane wa Shomari. Kila Jumatano huja, tangu nilipoanza kuumwa. Alianza kelele kabla hajashuka, kwa salamu ya Kinyamwezi chetu.

"Mwangaluka, mpagazi! Hujafa tu?"

"Nawasubiri Wazaramo mjifunze kuchimba kaburi."

"Tutalichimba fupi. Miguu itabaki nje, watoto watundike nguo."

Veronika alicheka jikoni. Nami nilicheka, nikakohoa, nikamaliza dakika tano nikitafuta pumzi. Mtani hakasirikiwi. Ndiyo sheria yote ya utani. Babu zetu walipishana njiani na mizigo mabegani, wakatukanana, wakazikana, na sisi tukarithi.

Ameleta wali wa nazi. Veronika akampa michembe, viazi vyetu vya kukausha, na karanga. Akagonga kipande kimoja cha michembe kwenye meza, to to to. "Mbao za mninga hizi. Ndiyo maana meno yenu yalibaki njiani." Akala sahani nzima.

Kabla ya kuondoka sauti ilibadilika. Asha amerudi nyumbani. Asha ni mwanawe wa pekee, alikuwa na miaka miwili baba yake alipoanguka. Sasa ni rubani msaidizi katika kampuni moja ndogo ya Mwanza. Amesimamishwa kazi. Zuhura hakusema kwa nini. Atakuja naye Ijumaa, wana shida ya karatasi.

Nilipolisikia neno hilo nilitazama ukutani. Sikutaka, lakini nilitazama.

Ijumaa, 4 Julai

Walikuja. Asha ametoa shikamoo kwa mikono miwili kama alivyofundishwa utotoni. Macho mekundu. Ana paji la uso la baba yake.

Kisa chake nakiweka hapa kama alivyokieleza. Siku sita mfululizo angani, kisiwani, migodini, kisiwani tena. Nyumba ya wageni anayolazwa iko juu ya baa. Usiku wa sita alipata saa tatu za usingizi. Asubuhi ya saba alipiga simu kazini akasema maneno manne: "Leo sifai kuruka, samahani." Hakusema zaidi. Hakutakiwa kusema zaidi. Ndivyo kanuni ilivyo, na mimi naijua kuliko wao, maana niliwahi kuiandika kwa herufi kubwa nikaibandika ofisini kwangu: RUBANI AKISEMA HAFAI, HAFAI. Wino mwekundu. Mwandiko wangu.

Mkuu wake akauliza yeye ni binti wa nani. Mtu akamwambia. Akasema mbele ya wenzake wote: "Kumbe ni ukoo. Baba alilala angani, binti analala chini."

Sasa wanataka barua. Akiri kwamba hakuchoka, kwamba ulikuwa uzembe, kwamba anaomba radhi. Akiileta Jumatatu ya tarehe 14, anarudi kazini. Asipoileta, wataandika kwenye faili lake kwamba si wa kutegemewa, na hakuna kampuni itakayomchukua. Miaka kumi na moja ya kusoma na kuruka.

"Wewe ndiye mwenye Kiswahili cha ofisini," Zuhura akaniambia. "Mwandikie mtoto, mpagazi. Ubebe mzigo wa maana kabla hujafa."

Nimekubali. Nimekubali haraka sana.

Jumamosi, 5 Julai

Nimeandika barua ya Asha. Aya tatu. Nilianza saa mbili, nikamaliza saa tano, nikipumzika kila mistari minne. Ni barua nzuri. Haina neno la ziada. "Nakiri kwamba siku hiyo sikuwa na uchovu wa kunizuia kutimiza wajibu wangu."

Nimeisoma tena baada ya chakula. Hii ni mara ya pili naandika kwamba mtu wa nyumba ile hakuchoka.

Jumapili, 6 Julai

Padre alikuja baada ya misa, ameniletea komunyo. Kijana, ana haraka, pikipiki iko nje haijazimwa vizuri. Veronika akatoka. Nikatubu. Nilisema nimekuwa na hasira kwa binti yangu. Nilisema sijafunga Kwaresima. Halafu nikasema: "Niliwahi kusema uongo kazini." Akanipa Salamu Maria tatu.

Tatu. Kwa watu wanne.

Sikumdanganya. Nilimpa jambo dogo lenye umbo la jambo kubwa. Nimezoea kujaza fomu hivyo.

Jumatatu, 7 Julai

Sikukuu. Veronika yuko nyumbani, anachambua maharage barazani. Leo nina pumzi kidogo. Nitaandika siku ile.

Tulikuwa kampuni ndogo, ndege tatu, imekufa zamani. Mimi nilikuwa karani wa zamu kiwanjani Tabora. Kazi yangu: kujua kila rubani alianza saa ngapi, alimaliza saa ngapi, alilala saa ngapi. Kanuni yetu ilikuwa saa kumi za mapumziko, kitandani, kati ya kazi na kazi. Bila saa kumi, sahihi yangu haitoki. Bila sahihi yangu, ndege haiondoki.

Jioni ya siku iliyotangulia Shomari alikuwa magharibi, kwenye kiwanja cha udongo cha misheni moja, baada ya kushusha dawa. Gurudumu lilipasuka wakati wa kutua. Yeye na fundi walihangaika nalo usiku kucha, wamelala chini ya bawa kwa zamu, robo saa, nusu saa, mbu, kisha tena nyundo. Alfajiri wakaruka. Saa moja na dakika kumi asubuhi walitua Tabora.

Saa tano kulikuwa na safari ya Dodoma. Abiria wawili, na fundi akirudi kwao.

Shomari aliingia ofisini na karatasi yake ameshaijaza. Alikuwa na mwandiko wa shule ya Korani, herufi zimeinama upande mmoja kama mawimbi. Kwenye mstari wa mapumziko aliandika: "Hakuna. Gurudumu, usiku kucha." Akaweka sahihi. Akaiweka mezani kwangu, akasimama.

Siku zote aliniita mpagazi. Siku zote, hata mbele ya meneja, hata siku nilipomzika mama yangu. Asubuhi ile alisema:

"Anselmi. Sifai."

Ofisini tulikuwa watano. Mpakia mizigo, mtu wa mafuta, wengine wawili. Wote wakanitazama wakisubiri, maana mimi na Shomari tulikuwa kama redio yao. Nikawapa walichosubiri. Nikasema kwa sauti: "Babu yangu alibeba pembe la ndovu begani kutoka hapa Kwihara mpaka Bagamoyo. Akapita kwenu mkamuuzia maji ya matope. Hakusema hafai. Wewe Mzaramo umekalia kiti kinachopaa, umechoka nini? Kukaa?"

Walicheka mpaka mtu wa mafuta akashika mlango.

Shomari alicheka kidogo. Hapana. Hakucheka. Nimeandika alicheka kwa mazoea. Alinitazama kwa muda. Nilichukua fomu mpya mbele yake, nikaandika kwamba alilala nyumba ya wageni ya misheni tangu saa kumi na mbili jioni, nikaiga sahihi yake. Herufi zilizoinama. Nilikuwa hodari. Karatasi yake ya kweli nikaitia kwenye droo.

Alichukua kofia yake. "Haya, mpagazi," akasema. "Nipe mzigo."

Saa tano kamili wakaondoka. Anga jeupe, hakuna wingu. Saa sita na nusu wachoma mkaa wa porini, mbali kupita Tura, waliiona ndege ikishuka taratibu, taratibu, kama inayotua, na hapakuwa na mahali pa kutua. Miti tu. Watu wanne. Shomari, fundi, mzee aliyekuwa akienda kumwona mwanawe, mwanamke mmoja mkunga.

Meneja alikuwa mkali kuhusu ucheleweshaji. Aliagiza ndege ya Dodoma isichelewe. Hilo lazima liandikwe.

Habari za rubani wa akiba nitaandika siku nyingine. Nimechoka.

Jumanne, 8 Julai

Sijalala. Saa zote nilizihesabu.

Msiba. Niandike msiba, nimalize.

Nyumbani kwa Shomari watu walijaa mpaka barabarani. Ndugu zake walifika kwa treni kutoka pwani. Mimi nilikuwa mtani mkuu wa marehemu, kwa hiyo nilikuwa na kazi. Watani ndio wanaowachekesha wafiwa, ndio wanaomwigiza marehemu. Nikifika kimya watu wangeshangaa. Hivyo nilijiambia.

Nikauvuta mkeka hadi mlangoni, nikajilaza chali, kofia ya rubani usoni, nikakoroma. Nikaamka nusu, nikashika usukani wa hewani, nikakoroma tena. Nikasema: "Mwacheni Mzaramo. Amefika stesheni yake, anapitiliza."

Walicheka. Wanawake walicheka huku wakilia. Zuhura mwenyewe alicheka, Asha mgongoni, akanirushia ukindu wa mkeka.

Matokeo ya uchunguzi yalipotoka yalisema rubani alikuwa amepumzika vya kutosha na chanzo ni kosa lake. Watu walikuwa tayari wana maelezo. Walishaniona mlangoni nikikoroma. Rubani aliyelala. Wengine wakaongeza pombe, kwa mtu ambaye hakuigusa. Nilisikia hadithi hiyo Kigwa, ndani ya treni, mtu asiyenijua akinisimulia mimi. Ilikuwa na mkeka wangu ndani yake.

Utani wa msibani huisha siku ya arobaini. Wangu umefika Mwanza.

Jumatano, 9 Julai

Asha alikuja peke yake kuchukua barua. Mama yake ana nguo za harusi za kushona, cherehani haijasimama tangu jana.

Akaisoma kwa sauti, amesimama. Alipofika "sikuwa na uchovu" akakohoa, akaendelea. Alipomaliza akasema, "Babu, unaandika vizuri. Hata mimi nimeamini."

Akaikunja. Akakaa karibu na miguu yangu, akaitazama ilivyovimba. Akauliza bila kuniangalia: "Babu, wewe ulikuwa naye asubuhi ile. Alikuwaje?"

Hapo ndipo palikuwa pahali pake. Mungu hakunipa tena nafasi iliyo wazi kama ile. Mlango umefungwa, mtoto ameuliza, cheti kiko juu ya kichwa chake.

Nikasema, "Alikuwa mzima. Alikuwa anacheka."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi ni kweli," akasema. "Basi labda hata mimi nilikuwa mvivu tu. Labda mtu hajui."

Akaondoka na barua. Basi lake ni Jumamosi alfajiri.

Mimi ni mwoga. Nilikuwa mwoga nikiwa na nguvu, na sasa ni mwoga mgonjwa.

Alhamisi, 10 Julai

Mbaya. Alfajiri midomo ilikuwa ya bluu, Veronika alipiga kelele. Walinipa oksijeni zahanati, wakanirudisha. Waliniambia nilale mjini hospitali, nikakataa.

Nikiwa na ile barakoa usoni niliwaza jambo moja. Asha ataweka sahihi. Atarudi kazini. Siku nyingine hatalala, na hiyo siku hatasema maneno yake manne, kwa sababu nimemfundisha kwamba mtu hajui. Ataruka. Na watakuwepo abiria.

Nimemwambia Veronika awapigie. Waje wote wawili. Kesho, mapema. Asha asipande basi kabla hajaniona.

Meneja. Kesho nieleze vizuri habari za meneja.

Ijumaa, 11 Julai

Naandika vipande.

Walifika saa tatu. Zuhura akaanza langoni kama kawaida. "Nimeambiwa umekufa jana ukarudi! Hata huko wamekukataa!" Akaingia akiwa bado anacheka, akaniona uso, akaacha.

Nilimwambia Veronika ateremshe cheti. Akang'oa misumari ya nyuma kwa kisu cha jikoni. Karatasi ikaanguka kwenye mkeka. Imekuwa rangi ya chai. Hakuna aliyeiokota. Nikamwambia Asha aiokote, asome.

Akasoma. Jina. Tarehe. "Hakuna. Gurudumu, usiku kucha." Sahihi.

Zuhura aliujua mwandiko kabla hajaambiwa. Alinyoosha mkono akaishika karatasi kwenye ukingo, kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Nikasema yote. Gurudumu, "sifai", utani wangu, fomu ya pili, sahihi niliyoiiga. Nikasema na mkeka wa msibani, kwamba nilipokuwa nakoroma karatasi ilikuwa mfukoni mwangu. Veronika alitoka nje. Nilimsikia akinawa uso kwenye tangi la maji, kisha akarudi.

Asha alikuwa wa kwanza kusema. Hakuniambia mimi. Alisema kwa karatasi: "Alikataa. Baba alikataa."

Akaitoa barua yangu kwenye mkoba, akaichana mara mbili, akaviweka vipande juu ya meza ya dawa, vizuri, kimoja juu ya kingine.

Nikatoa maelezo yangu, Veronika akaandika, nikaweka sahihi. Yangu, safari hii. Asha atayapeleka pamoja na karatasi ya baba yake kwa wanaosimamia usalama wa ndege, na nakala kwa mkuu wake. Hatapeleka radhi. Kama watamfukuza, wamfukuze akiwa amesema kweli. Maneno yake.

Zuhura aliuliza swali moja tu. "Nani alikuagiza?"

"Meneja," nikasema. Veronika akaliandika.

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mumewe. Akafunga kanga yake. Miaka thelathini na mmoja ananiita mpagazi. Mlangoni akageuka.

"Anselmi. Nilikuwa nimepanga nivae suruali yako siku ya msiba wako, nishike fimbo yako, nikohoe mpaka wajukuu wako wacheke. Sitafanya. Nitakuja, maana kuzikana ni lazima. Nitakaa na wanawake, nitasoma dua yangu, nitaondoka."

Kisha akamwinua mwanawe kwa mkono, wakatoka. Bajaji iliondoka. Hakupiga kelele langoni.

Jumamosi, 12 Julai

Asha amesafiri. Veronika alimsindikiza mpaka kituo cha mabasi. Karatasi ameiweka ndani ya daftari gumu, daftari ndani ya mkoba, mkoba mapajani.

Veronika hazungumzi nami zaidi ya dawa. Ukutani pamebaki alama ya mraba, nyeupe kuliko ukuta. Cheti nimemwambia akitumie kuwashia jiko. Amekiweka kabatini. Karani hachomi karatasi, na binti wa karani vilevile.

Jumapili, 13 Julai

Padre hakuja. Anazika mtu Kigwa.

Uji vijiko viwili. Pumzi fupi. Nimejaribu kujilaza ubavuni. Nimeshindwa.

Jumatatu, 14 Julai

Asubuhi tulivu, hakuna upepo. Kuku wa jirani wanapekua chini ya dirisha. Jua limefika mguuni pa kitanda, silisikii joto lake.

Asha yuko ofisini kwao saa hizi. Bado hajapiga simu. Yaliyo huko ni yake sasa.

Veronika amekubali kukaa nami. Anasahihisha madaftari ya darasa la nne. Nimemwomba akimaliza ampigie Zuhura amwambie kuna neno nililolikosea kwenye maelezo. Akija nitalisema. Nisipowahi, Veronika ampe daftari hili, ukurasa huu. Nimeshamwonyesha.

Swali lake nililijibu vibaya. Nani alikuagiza.

Meneja alikuwa Dar es Salaam wiki ile. Simu ya kiwanja ilikuwa imekatika tangu Jumapili. Hakuna aliyeniagiza.

Rubani wa akiba alikuwepo. Alikuwa kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni, amelala usiku mzima, amekunywa chai. Ningemtuma mtu wa mafuta kwa baiskeli. Ndege ingechelewa saa mbili, tatu. Ningeandika sababu. Ningekaa kazini mpaka ndege iondoke, maana kijana wa kunipokea mchana hakuwa na ruhusa ya kubadilisha rubani, mimi tu.

Nilikuwa kazini siku ya tatu mfululizo. Karani mwenzangu alikuwa na msiba, nilimshikia zamu. Saa za karani hakuna aliyezihesabu, na mimi sikuzisema. Macho yalikuwa yanawaka. Nilipomwona Shomari anaingia na karatasi ile nilijua itanichelewesha. Niliona kitanda changu. Nilimsikia alivyoniita jina langu, nikajua si utani, nikajibu kwa utani ili asiweze kujibu.

Saa tano walipaa. Saa tano na robo nilikuwa kwenye baiskeli. Nyumbani nilikunywa maji, nikavua viatu, nikajilaza chali juu ya shuka safi, dirisha wazi.

Saa sita na nusu ndege ilianguka. Mimi nilikuwa usingizini. Nililala vizuri.